Idara ya Hodi Zilizokwama

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani, na ukiitafuta utajichosha bure. Inaitwa Jamhuri ya Karibuni. Ukiona jambo humu linafanana na la kwenu, mimi simo. Nimelipokea hivyo hivyo kutoka kwa mtu ambaye naye alikana kwamba ameniambia.

Kabla ya maendeleo kuingia, watu wa Karibuni walikuwa na tabia moja mbaya sana: walitembeleana. Tena walibisha kwa namna ambayo Serikali baadaye iliiita "hodi ya kuchelewa", yaani mtu anasema hodi huku ameshafika sebuleni, viatu ameshavua, na jicho lake moja liko kwenye sufuria. Hakuna aliyeona ubaya wake mpaka siku ile waziri mmoja alipoingia hivyo hivyo kwa Mlezi Mkuu wa Taifa. Alimkuta Mlezi Mkuu ameketi kwenye kigoda, kichwa kimepakwa rangi nyeusi na kufungwa mfuko wa plastiki, anasubiri ikolee. Taifa zima lilikuwa likifundishwa shuleni kwamba nywele zile zilikuwa nyeusi kwa sababu ya uzalendo. Waziri akasema, "Hodi." Mlezi Mkuu hakusema karibu. Waziri yule sasa ni balozi wetu mahali ambapo bado haijathibitishwa kama kuna watu.

Wiki iliyofuata ikatoka Sheria ya Hodi. Kubisha kwa mdomo kukapigwa marufuku, na kubisha kwa ngumi kukawa uhaini mdogo. Aliyetaka kumtembelea mwenzake alitakiwa kufungua programu ya Serikali kwenye simu, iliyoitwa Hodi, abonyeze mlango anaoutaka, na arifa iende kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akibonyeza "Karibu", mgeni ananyanyua mguu. Asipobonyeza, mgeni anasubiri. Na ili watu wasisumbuane, hodi moja ikishatumwa kwenye mlango mmoja hairudiwi mpaka ijibiwe. Siku ya uzinduzi ilitangazwa kwamba upweke umefutwa nchini kuanzia saa sita mchana.

*

Tatu Mshangama alikuwa fundi katika Idara ya Hodi Zilizokwama. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na chumba chenye viti kumi na vinne. Viti kumi na vitatu vilikuwa vitupu, maana mafundi wenzake wote walikuwa wamepandishwa vyeo kuwa wajumbe wa kamati za kuchunguza kwa nini idara haina mafundi.

Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko ya wananchi na kuwauliza maswali matano ya Mwongozo. La kwanza: simu imewashwa? La pili: umeiruhusu programu ikuletee arifa? La tatu: simu haiko kwenye hali ya kuokoa betri? Maana simu inayookoa betri huiua kimyakimya programu iliyolala. La nne: hukuwasha kitufe cha "Usinisumbue" ukakisahau? Maswali hayo manne aliyaandika Tatu mwenyewe, na yalikuwa ya kweli. La tano liliongezwa na Wizara baada ya utafiti wa miezi minane: una hakika kwamba mtu huyo anataka kukuona? Wizara ilijivunia sana swali la tano. Lilikuwa likifunga majalada tisa kati ya kila kumi.

"Haloo, binti," alipiga mzee mmoja siku ya Ijumaa, "hodi yangu haijafika."

"Shikamoo, mzee. Simu yako imewashwa?"

"Marahaba. Si ndiyo ninayokupigia?"

"Umetuma lini?"

"Jumatatu. Niko hapa getini kwa mkwe wangu. Nawaona wamekaa barazani, na wao wananiona. Mkwe ameinua simu juu kunionyesha kwamba haijalia. Jana wamenipitishia uji juu ya ukuta."

Tatu akamwuliza la pili, la tatu na la nne. Mzee alijibu yote sawasawa. Likabaki lile moja, na simu zote za idara zilikuwa zinarekodiwa.

"Mzee wangu, uniwie radhi, hili naagizwa kuliuliza. Una hakika wanataka kukuona?"

Upande wa pili akasikika kuku anapita.

"Uji ulikuwa na sukari," mzee akasema.

Tatu akaandika kwenye jalada kwamba mlalamikaji anao ushahidi, akaliacha wazi. Ofisi nzima ilikuwa na majalada sita yaliyoachwa wazi, na yote yalikuwa kwenye meza yake. Kwa kosa hilo alikuwa na barua tatu za onyo.

*

Sasa nikwambie jambo ambalo Tatu hakumwambia mtu, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia.

Alikuwa na mdogo wake, Sikudhani, fundi cherehani wa Mtaa wa Mikwaju, mwendo wa dakika arobaini kwa mguu. Sikudhani ndiye aliyemuuguza mama yao miaka sita, akimgeuza kitandani, akimlisha, akimsomea barua ambazo Tatu alituma badala ya kwenda. Mama alipofariki, Tatu alifika akiwa amechelewa maziko, na aibu ya kuchelewa ikamtoka kwa mlango mwingine. Mbele ya majirani na wakwe, siku ya kuanua tanga, alimwambia mdogo wake, "Ungemwahisha hospitali, mama angekuwa hai." Sikudhani aliokota sinia alilokuwa ameliweka chini, akaingia jikoni, na Tatu akaondoka bila kuaga.

Ilimchukua mwaka mzima kuukubalisha moyo wake. Siku ya tatu ya Idi alivaa vizuri, akakaa kitandani, akafungua programu, akabonyeza mlango wa Sikudhani. Hodi ikaenda. Karibu haikurudi siku ile, wala wiki ile, wala mwaka ule. Hadi siku ya kisa hiki ilikuwa imetimia miaka miwili na siku kumi na moja. Kutuma nyingine hakukuruhusiwa. Kuangalia kwenye mitambo kama ile ya kwanza imefika hakukuruhusiwa vilevile, kwa sababu kanuni ya idara ilisema fundi hajitazami.

Basi kila jioni Tatu aliiweka simu mezani, kioo juu, akala chakula chake akiitazama. Alijiuliza maswali ya Mwongozo. Imewashwa. Nimeruhusu. Haiokoi betri. Sijazuia kusumbuliwa. Hapo alikuwa akiondoa sahani na kwenda kuosha vyombo, ili asifike la tano. Alijiambia ni hitilafu tu. Nchi ile hitilafu zilikuwa nyingi, na yeye aliihitaji moja tu.

*

Siku ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu, Bunge lilimzawadia sifa mpya. Lilikuwa likifanya hivyo kila lilipokosa mswada. Kwa sheria, kila arifa ya hodi ilitakiwa ianze kwa sifa zake zote kwa mfuatano: Kwa idhini ya Mtukufu Mlezi Mkuu, Baba wa Milango, Ufunguo wa Taifa, Bawaba Isiyolia, Kizingiti cha Amani, na kuendelea mpaka Kivuli cha Kila Kibaraza. Mwaka huo akaongezwa kuwa Komeo la Matumaini. Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika mguu.

Saa ile ile hodi zote za Jamhuri zikasimama. Hakuna simu iliyolia, mashariki wala magharibi. Mitaani watu walijaa mbele ya nyumba za watu, kila mmoja na simu mkononi, bibi harusi mmoja akiwamo, nje ya mlango wa bwana harusi wake.

Wizara ikatoa taarifa. "Arifa hazijakwama," ilisema. "Zimetulia." Siku ya pili ikasema kwamba wananchi wazembe hawazichaji simu zao kwa moyo mmoja. Siku ya tatu Waziri wa Hodi na Karibu alikuja mwenyewe idarani, pamoja na Mkurugenzi Lugendo aliyembebea mkoba, na mtu mwingine aliyembebea Mkurugenzi wake.

"Ndugu fundi," Waziri alimwambia Tatu, akivihutubia viti vyote kumi na vinne, "Taifa linakutazama. Limesimama vibarazani linakutazama. Adui ametuingilia katika mlango, nami nasema mlango huo huo ndio atakaotokea! Unahitaji nini?"

"Ruhusa ya kuona kumbukumbu zote, Mheshimiwa. Bila kufichwa hata moja."

"Zote!" akasema Waziri, aliyependa neno hilo. Mkurugenzi Lugendo akatia saini bila kusoma, kama ilivyokuwa desturi ya cheo chake.

Haikuchukua nusu saa. Arifa moja ni kama bahasha: inabeba herufi elfu nne, wala haiongezeki hata ukiibembeleza. Sifa za Mlezi Mkuu, pamoja na Komeo la Matumaini, zilikuwa herufi elfu nne na kumi na nne. Bahasha ilikuwa ikijaa kabla ya kumfikia mgeni, na mtambo ukiona imezidi unaitupa yote.

Tatu akarudi nyuma kwenye kumbukumbu za miaka. Hapo ndipo alipoona kitu kingine. Kwa zaidi ya miaka miwili, tangu Mlezi alipofanywa Kivuli cha Kila Kibaraza, nafasi iliyobaki mwishoni kwa ajili ya jina la mgeni, ambalo lazima litanguliwe na neno Raia, ilikuwa herufi sita tu. Hodi zilikuwa zinafika, ila hazikuwa na wenyewe. Wananchi walikuwa wamelalamika kwamba jina halionekani, na kwa vile ni suala la kuonekana, walikuwa wakipelekwa Idara ya Vioo, ghorofa ya juu, ambako walipewa kitambaa cha kufutia simu. Tatu hakuwahi kujua, kwa sababu katika muda wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyembishia hodi yeye.

Alikwenda kufunga mlango wa chumba. Kisha, akiwa na ruhusa yenye saini mkononi, akaandika namba yake mwenyewe.

Hodi ya siku ya tatu ya Idi. Hali: imefika. Jina la mgeni lililoonekana: Raia T. Imefunguliwa na mwenye nyumba: mara arobaini na moja. Mara ya mwisho: juzi, saa nne asubuhi. Jibu: hakuna.

Tatu alivua miwani. Alitaka kulia na kucheka vyote pamoja, na kwa vile chumba kilikuwa na viti kumi na vitatu vitupu, alifanya vyote bila kumwonea mtu haya.

*

Kikao cha ufumbuzi kilianza saa tatu. Tatu alieleza kwa lugha nyepesi kwamba sifa zimezidi bahasha, na kwamba dawa yake ni kuzipunguza.

Wajumbe wakainamia madaftari yao.

"Anayependekeza kupunguza," Mkurugenzi Lugendo akasema kwa upole, "aandike hapa ni ipi, na atie saini chini." Akasukuma karatasi katikati ya meza. Wote wakaitazama kama nyoka aliyelala. Hakuna aliyeigusa, na nitakuwa mwongo nikisema Tatu aliigusa.

"Tujiulize kama wazalendo," Waziri akasema baada ya chai. "Katika arifa hii kuna vitu viwili, kiongozi na mgeni. Mgeni ni nani? Mgeni huja na kuondoka. Sifa zinabaki! Nasema mgeni aondolewe. Na zile nafasi tupu kati ya neno na neno, ni nani anazitumia? Ziondolewe pia."

"Mheshimiwa," Tatu akasema, "mwenye nyumba atajuaje ni nani anayebisha?"

"Atajua kwamba nchi ina kiongozi."

Wakapiga makofi. Tatu alirudi kwenye mtambo akafanya alivyoagizwa, mikono yake ikiwa myepesi na moyo wake mzito. Saa nane mchana simu zote za Jamhuri ya Karibuni zikalia kwa pamoja. Watu waliruka, wakakumbatiana, wakafungua arifa, wakakuta sifa zimeunganishwa kuwa neno moja refu lisilo na pa kupumulia, na mwisho wake hapana mtu. Wenye nyumba waliotoa karibu hawakujua wamemkaribisha nani. Wengi hawakutoa. Iliripotiwa kwamba wamefurahi sana, wakaziweka simu mezani, wakaendelea kukaa peke yao.

Tatu alitunukiwa nishani kwa njia ya arifa. Arifa ilifika salama, na kwa hiyo mpaka leo hajui nishani ile ilikuwa ya daraja gani.

*

Jumamosi asubuhi hakuwasha simu. Alikaanga visheti, akavifunga kwenye kitambaa, akaenda kwa miguu mpaka Mtaa wa Mikwaju. Kila nyumba aliyoipita ilikuwa na mtu kibarazani anayesubiri. Wengine walikuwa wamekuja na mikeka.

Mlango wa Sikudhani ulikuwa umepakwa rangi mpya ya kijani. Ndani cherehani ilikuwa ikienda. Tatu alisimama pale muda mrefu. Mkono haukuruhusiwa kugonga, na mdomo haukuruhusiwa kusema, na kuogopa hakukukatazwa na sheria yoyote, basi akaogopa.

"Hodi," akasema.

Sauti ilitoka na kutu. Vibarazani watu wakageuka. Cherehani ikasimama.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Tatu."

Hatua zikasogea, na sauti ikaja kutoka karibu kabisa na mbao za mlango.

"Simu yangu haijalia."

"Hata ikilia, jina langu halitakuwamo. Nimelitoa mwenyewe, kazini." Tatu akausogelea mlango. "Sikudhani, ile ya Idi uliipata?"

"Nilipata ya Raia T."

"Uliifungua mara arobaini na moja."

"Kumbe mnatuhesabia?"

"Mtambo unahesabu. Nilidhani hukujua ni ya nani."

"Nilijua," Sikudhani akasema. "Tangu mara ya kwanza nilijua ni wewe. Nani mwingine angenikumbuka siku ya tatu, siku mbili za kwanza ameshindwa?"

"Mbona hukujibu?"

"Haikuwa na jina. Nikasema, siku nikiulizwa, nitasema haikuwa na jina. Nilikuwa naifungua ili nihakikishe bado halijatokea."

Tatu aliegemea ukuta. Hiyo ndiyo hitilafu aliyoiomba miaka miwili, nayo ilikuwa imemhudumia mdogo wake vizuri kuliko yeye.

"Siku ile nilisema uongo," akasema. "Wewe hukumchelewesha mama. Aliyechelewa ni mimi. Nilichelewa miaka sita, na nilipofika nikatafuta wa kumtupia. Nisamehe, au usinisamehe, lakini nimetaka ulisikie kwa mdomo wangu."

Nyuma ya Tatu zilisikika buti. Alikuwa Mjumbe wa Milango Kumi, amevaa kofia ya kazi, daftari la fomu kwapani.

"Mama, nimepata taarifa kwamba umebisha kwa mdomo, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Utafuatana nami." Halafu, kwa kuwa fomu ilimtaka aulize, akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Mwenye nyumba! Sheria inaniagiza nikuulize mara moja tu. Mgeni huyu, unamtambua?"

Tatu alitazama rangi ya kijani. Yote alikuwa ameshayasema. Kibarazani kwa jirani mtu mmoja alikohoa. Mjumbe akalamba ncha ya kalamu, akaanza kuandika.

"Huyo si mgeni," Sikudhani akasema kutoka ndani.

"Unasemaje?"

"Nasema huyo si mgeni. Hapa ni kwao. Mtu habishi hodi kwao, basi hakubisha. Andika hivyo."

Mjumbe akapekua fomu mbele na nyuma. "Sasa kama ni kwao," akauliza, "mbona umemfungia nje?"

"Hiyo imo kwenye fomu yako?"

Akatafuta tena, kwa uaminifu. "Haimo."

"Basi nenda zako, baba. Hayo ni ya nyumbani."

Mjumbe akaenda zake. Tatu alibaki amesimama na visheti vyake, hajui aendelee kusimama au aondoke, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Sijakwambia karibu," Sikudhani akasema.

"Najua."

"Uso wako bado siuwezi leo."

"Najua, mdogo wangu."

"Lakini usiondoke."

Tatu akakaa chini kwenye saruji, mgongo kwenye mlango. Baada ya muda alisikia kiti kikivutwa upande wa pili, kikaletwa karibu, na mtu akakikalia.